Kipaji kichanga hakikimbizwi: Mafunzo ya afya kutoka hoki ya barafuni

Mzazi anapoambiwa na kocha kwamba mwanawe ana kipaji, jambo la kwanza analofikiria ni mtoto atafika wapi. La pili ni atafika lini. Ni wachache wanaouliza swali la tatu, ambalo kwa daktari ndilo la kwanza: je, atafika akiwa mzima?

Swali hilo kwa kawaida huletwa kliniki likiwa limechelewa. Kijana wa miaka 14 huingia akichechemea. Ukimdodosa unagundua kwamba anaichezea timu ya shule, anaichezea timu ya mtaa, na mwishoni mwa wiki anafanya mazoezi na klabu. Goti linamuuma kwa mwezi wa tatu sasa. Mzazi haulizi goti lina nini. Anauliza kama kuna sindano ya kutuliza maumivu, kwa maana fainali ni Jumapili.

Ndugu msomaji, wiki hii nakualika tutoke kidogo nje ya viwanja vyetu, twende Marekani na Kanada, tutazame jinsi wenzetu wa hoki ya barafuni wanavyomlea chipukizi mwenye kipaji. Huenda mchezo huu ukaonekana kuwa wa mbali, lakini Nairobi si mgeni nao. Uwanja wa barafu ulifunguliwa katika hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, mwaka 2005. Vijana waliojifunzia hapo waliunda timu ya Ice Lions, na mwaka 2018 baadhi yao walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Hata hivyo, sababu kubwa ya kuuchagua mchezo huu ni hii: kule klabu hutumia mamilioni ya dola kwa kijana mmoja. Mwenye mali huitunza, na katika kuitunza wamejifunza mambo ambayo mzazi wa Umoja au Kisauni anaweza kuyatumia bila kulipa hata senti moja.

MCHEZO WENYEWE

Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kwa kila upande, wakiwa wamevaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea. Badala ya mpira wao hupiga kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Tofauti kubwa na magongo yetu ya uwanjani ni kwamba kule mchezaji anaruhusiwa kumgonga mwenzake kwa bega na kiwiliwili ili amwondoe kwenye kisahani. Watu wawili wazito, kila mmoja akija kwa kasi, hukutana kando ya ukuta.

Ligi kuu ya kulipwa, NHL, huwachagua vijana kila mwaka kuanzia umri wa miaka 18. Msimu mmoja una mechi zaidi ya 80 kabla ya hatua ya mchujo, na safari za ndege usiku baada ya usiku. Fikiria basi kijana aliyemaliza shule juzi akiwekwa mbele ya mwanamume wa miaka 30 ambaye mifupa yake imekomaa na misuli yake imejengwa kwa miaka kumi na zaidi. Huyo kijana anaweza kuwa na mikono mepesi na macho makali kumshinda yule mkubwa. Lakini bega ni bega.

Kwa ajili hiyo ligi ilijiwekea utaratibu wa kuonja kabla ya kumeza. Katika mikataba iliyotumika kwa miaka mingi, kijana wa miaka 18 au 19 aliyecheza mechi zisizozidi tisa hakuhesabiwa kuwa ametumia mwaka wa kwanza wa mkataba wake. Klabu ilimtazama katika mechi hizo chache, na ikiona mwili haujawa tayari ilimrudisha kwa vijana wa rika lake. Hakuna aliyeita jambo hilo aibu. Ni sawa na mpishi anayefunua sufuria, akaona wali una kiini, akaufunika tena.

WANAOSUBIRI NA WANAOWAHI

Mfano wa subira unaotajwa mara nyingi ni klabu ya Detroit Red Wings. Mwaka 1998 ilimchagua Mrusi Pavel Datsyuk akiwa wa 171 katika orodha, na mwaka 1999 ikamchagua Mswidi Henrik Zetterberg akiwa wa 210. Haikuwaita mara moja. Iliwaacha waendelee kucheza kwao, wale chakula cha kwao, wakue. Datsyuk aliingia NHL mwaka 2001 akiwa na miaka 23, na Zetterberg mwaka 2002 akiwa na miaka 22. Mwaka 2008 wote wawili walikuwa nguzo za timu iliyotwaa Kombe la Stanley, na Zetterberg akateuliwa mchezaji bora wa hatua ya mchujo.

Wapo pia wanaowahi. Sidney Crosby alichaguliwa wa kwanza mwaka 2005, akaingia ligi akiwa na miaka 18 na kukusanya pointi 102 katika msimu wake wa kwanza. Lakini tazama aliishi wapi. Klabu ya Pittsburgh Penguins haikumwacha apange nyumba peke yake mjini na pesa mfukoni. Katika miaka yake ya kwanza aliishi nyumbani kwa Mario Lemieux, gwiji wa mchezo huo na mmoja wa wamiliki wa klabu, pamoja na mke na watoto wake. Alikula mezani na familia na kulala katika nyumba yenye utaratibu. Kwa daktari, hilo ni sehemu ya matibabu.

Funzo la kwanza basi si kwamba kila kijana acheleweshwe. Ni kwamba umri ulioandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa hautoshi kuamua. Wapo walio tayari wakiwa na miaka 18 na wapo wanaohitaji miaka minne zaidi, na wote wanaweza kufika kilele kile kile.

MWEZI WA KUZALIWA HUDANGANYA

Mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, aligundua jambo la ajabu katika miaka ya 1980 alipochunguza tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa hoki. Waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko waliozaliwa mwishoni. Haikuwa nyota za angani. Watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo wa Januari hushindana na wa Desemba aliye mdogo kwake kwa karibu mwaka mzima. Katika umri wa miaka 10, tofauti hiyo ni kubwa. Yule wa Januari ni mrefu zaidi, anachaguliwa, anapata kocha mzuri na mechi nyingi. Mwenzake anaambiwa hana kipaji, kumbe hana miezi.

Ongeza hapo balehe. Wavulana wawili wa miaka 13 wanaweza kutofautiana miaka mitatu au minne katika ukomavu wa mwili. Mmoja ana ndevu, mwingine sauti bado ni ya kitoto. Usimkatie tamaa mdogo, na usimtwishe mkubwa kazi ya watu wazima kwa sababu tu amewatangulia wenzake kurefuka.

MFUPA UNAOKUA

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna tabaka laini ambalo ndilo linalorefusha mfupa. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano zinazolizunguka. Pale ambapo mtu mzima angeteguka kano, mtoto anaweza kuvunjika hapo, na akitibiwa vibaya mguu mmoja unaweza kuwa mfupi au kupinda.

Wakati wa kurefuka kwa kasi, ambao kwa wasichana wengi huja kama miaka 12 na kwa wavulana kama 14, mifupa hukimbia kuliko misuli. Misuli hukazwa kama kamba ya nguo na kuvuta pale iliposhikilia mfupa. Ndiyo maana kijana anayeruka na kukimbia sana hupata uvimbe wenye maumivu chini kidogo ya pia ya goti, au maumivu ya kisigino. Dawa yake kubwa ni kupunguza mzigo kwa wiki kadhaa, barafu iliyofungwa kwa kitambaa, na mazoezi ya kunyoosha misuli. Sindano ya kuua maumivu ili acheze Jumapili haitibu kitu. Ni kama kuzima king'ora ilhali mwizi yumo ndani.

Wenzetu wa hoki waliliona hili kwa takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa jimbo la Alberta, ambako kugongana kuliruhusiwa, na wenzao wa Quebec, ambako kulikatazwa. Wale wa Alberta waliumia zaidi ya mara tatu. Marekani ikakataza kugongana kwa umri huo mwaka 2011, na Kanada ikafuata mwaka 2013. Vipaji havikukauka kwa sababu hiyo. Watoto walipata nafasi ya kujifunza kuteleza na kumiliki kisahani kabla ya kujifunza kuangushana.

KICHWA HAKINA SPEA

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ukisahau mengine yote katika makala haya, hili ulishike.

Mtikisiko wa ubongo hutokea kichwa kinapogongwa au mwili unapotikiswa kwa nguvu, ubongo ukayumba ndani ya fuvu. Si lazima mtu azimie. Walio wengi hawazimii. Si lazima pia picha ya eksirei au ya skani ioneshe kitu. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kusahau yaliyotokea, kuudhiwa na mwanga au kelele, kuwa mzito wa kufikiri, hasira zisizo kawaida, na usingizi uliovurugika. Nyingine hujitokeza saa kadhaa baadaye, au kesho yake.

Sidney Crosby aligongwa kichwa tarehe 1 Januari 2011, akacheza tena tarehe 5, akagongwa tena. Alikuwa na miaka 23 na ndiye aliyetajwa kuwa mchezaji bora duniani. Alirudi uwanjani Novemba mwaka huo, akafunga mabao mawili usiku wa kwanza, lakini baada ya mechi nane tu dalili zilirudi. Alipumzishwa tena hadi Machi 2012. Klabu ilivumilia. Malipo ya uvumilivu huo yalikuja mwaka 2016 na 2017 alipoiongoza kutwaa Kombe la Stanley mara mbili mfululizo.

Si wote waliopata mwisho huo. Brett Lindros alichaguliwa wa tisa mwaka 1994. Baada ya mechi 51 tu za NHL, mitikisiko ya ubongo ilimlazimu kustaafu mwaka 1996 akiwa na miaka 20. Kaka yake, nyota Eric Lindros, naye aliandamwa na tatizo hilo hilo, na baadaye akawa mmoja wa waliopigania sheria ya kuwalinda watoto katika jimbo la Ontario.

Sheria hiyo, iliyopitishwa mwaka 2018, ina jina la msichana wa miaka 17, Rowan Stringer, aliyekuwa akicheza raga shuleni mjini Ottawa. Mwaka 2013 aligongwa kichwa zaidi ya mara moja katika siku chache. Mwenyewe alishuku kuwa ubongo umetikisika, akawaandikia rafiki zake. Watu wazima hawakujua. Akacheza tena, akaangushwa, akapoteza fahamu, na siku chache baadaye akafariki. Ubongo uliotikisika na haujapona, ukitikiswa mara ya pili, unaweza kuvimba ghafla. Hatari hii huwapata hasa vijana. Ni nadra, lakini ikitokea aghalabu hatuna la kufanya.

Kwa hiyo kanuni ni moja, iwe raga, kandanda, ndondi au magongo: akishukiwa, atoke, na asirudi siku hiyo. Kocha asimuulize kijana kama anaweza kuendelea, kwa sababu jibu analijua. Kila chipukizi atasema anaweza.

Mkimbize hospitali mara moja iwapo atatapika mara kwa mara, atapata degedege, kichwa kitazidi kumuuma, atakuwa mzito kuamka, atachanganyikiwa zaidi, mkono au mguu utakosa nguvu, mboni moja ya jicho itakuwa kubwa kuliko nyingine, au shingo itamuuma. Wa shingo asiinuliwe ovyo ovyo na mashabiki. Katika siku mbili za kwanza, kama anahitaji dawa ya maumivu, parasetamoli inatosha; aspirini na aibuprofeni ziepukwe kwa kuwa zinaweza kuzidisha kuvuja damu.

Zamani tulikuwa tukimfungia mgonjwa katika chumba chenye giza kwa siku nyingi. Siku hizi tunashauri mapumziko ya wastani kwa siku moja au mbili, simu na televisheni zipunguzwe, kisha aanze kutembea taratibu. Kwanza arudi masomoni kikamilifu, ndipo arudi mchezoni kwa hatua: kutembea na kukimbia polepole, mazoezi ya peke yake, mazoezi na wenzake bila kugongana, na baada ya daktari kumruhusu, mazoezi kamili na mechi. Kila hatua ichukue angalau siku nzima, na dalili zikirudi arejee hatua moja nyuma. Watoto wengi hupona ndani ya wiki nne. Zikipita bado ana dalili, mrudishe kwa daktari.

MFUPA UKIVUNJIKA, ACHENI UUNGE

Connor McDavid alichaguliwa wa kwanza mwaka 2015. Katika mechi yake ya 13 alivunjika mtulinga, akakosa mechi 37. Edmonton Oilers ilikuwa timu dhaifu iliyomhitaji kama mvua, lakini ilimngoja hadi Februari 2016. Msimu uliofuata alimaliza akiwa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika ligi, pointi 100. Connor Bedard wa Chicago Blackhawks naye alivunjika taya Januari 2024 akiwa na miaka 18, akakosa mechi 14, na bado mwisho wa msimu akapewa tuzo ya chipukizi bora. Wiki sita za kungoja hazikumnyang'anya mtu kipaji. Mfupa ulioungana vibaya kwa haraka ya mechi moja huweza kukinyang'anya.

CHAKULA, USINGIZI NA SIKU YA KUPUMZIKA

Chipukizi anayekua na kufanya mazoezi hula kwa ajili ya kazi mbili. Hahitaji unga wa protini wa bei ghali unaouzwa kwenye majumba ya mazoezi. Uji na yai asubuhi, ugali au viazi vitamu, maharagwe au ndengu, omena, maziwa, sukuma wiki na matunda vitamtosha, mradi vije kwa wakati na vishibe. Anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na chai ya rangi, akafanya mazoezi jioni, anajengea nyumba bila mawe.

Wasichana waangaliwe zaidi. Mchezaji anayeanza kukosa hedhi kwa miezi mitatu, au aliyefika miaka 15 bila kuanza, si kwamba amekuwa imara kama mvulana. Huenda mwili umekosa chakula cha kutosha na umeanza kuzima mitambo, na mifupa yake inadhoofika. Anayechoka upesi na kuhema apimwe damu.

Usingizi wa kijana wa miaka 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10. Homoni ya kukua hutolewa zaidi usiku akiwa usingizini, wala hakuna kocha anayeweza kuitoa uwanjani.

Kuhusu mazoezi, kipimo rahisi ni hiki: saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi umri wake. Wa miaka 12 asizidi saa 12, ukijumlisha timu zote. Apumzike angalau siku moja kwa wiki, na kila mwaka apate miezi miwili au mitatu ya kuwa mbali na mchezo huo mmoja, hata kama anacheza mwingine.

MASWALI YA KUMUULIZA KOCHA

Kabla hujamkabidhi mwanao kwa timu au akademia, uliza haya bila haya. Wiki nzima atacheza mechi ngapi, na je, mnajua timu nyingine anazochezea? Atapambana na watu wa umri gani? Akigongwa kichwa, ni nani mwenye neno la mwisho la kumtoa? Nani atanipigia simu siku hiyo hiyo? Akivunjika, nafasi yake itamngoja? Kocha mzuri hatachukizwa. Atakayekwambia kwamba mtoto wa kiume hukomazwa kwa maumivu, mshukuru kwa muda wake na umshike mwanao mkono mwondoke.

Na swali la mwisho muulize mtoto mwenyewe, mkiwa wawili nyumbani, si mbele ya kocha: bado unaupenda mchezo huu? Kijana anayeumwa tumbo kila asubuhi ya mechi, anayekosa hamu ya chakula au aliyeanza kujitenga na wenzake, huenda anabeba matumaini ya ukoo mzima mgongoni. Mwambie wazi kwamba chakula chake na karo yake havitegemei mabao. Mwambie pia kwamba akiumia na kukwambia, hutakasirika. Msichana yule wa Ottawa alijua kwamba anaumwa. Kilichokosekana ni mtu mzima mmoja aliyeambiwa.